Osamu Tezuka: aliuza katuni kwa bei ya chini ili atengeneze filamu alizozipenda

Osamu Tezuka alikufa mjini Tokyo tarehe 9 mwezi wa pili 1989, akiwa na miaka 60. Kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi anayetazama leo filamu za michoro za Japani kwenye simu yake, hata kama hajasikia jina hilo, anatazama kitu kilichopata sura mikononi mwa mtu huyo: hadithi ndefu inayokatwa vipande vya nusu saa, kipande kimoja kila juma, na watu wenye macho makubwa ambao mara nyingi husimama kimya huku midomo tu ikicheza.

Lakini Tezuka aliacha pia kazi nyingine isiyojulikana sana kwetu. Ni filamu fupi, za dakika tano, nane ao nusu saa, ambazo hakuna televisheni iliyomwagiza. Nyingi alizilipia kwa pesa za mfuko wake. Ukizitazama moja baada ya nyingine kwa kufuata miaka, unaona maisha ya mtu aliyependa kitu kimoja kupita vyote, akakiuza rahisi, kisha deni la bei hiyo likamfuata yeye na watu wengi waliokuja nyuma yake.

Mtoto wa wadudu na sinema

Tezuka alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1928 huko Toyonaka, karibu na Osaka, mji mkubwa wa biashara wa magharibi ya Japani. Alipokuwa na miaka kama mitano jamaa yake ilihamia Takarazuka, mji mdogo unaojulikana kwa jumba lake la michezo ambamo wanawake peke yao ndio huimba na kucheza, hata nafasi za wanaume. Mama yake, Fumiko, alimpeleka huko mara nyingi. Baba yake, Yutaka, alikuwa na kitu ambacho nyumba chache za Japani zilikuwa nacho wakati ule: mashine ndogo ya kuonyesha sinema. Nyumba iligeuka ukumbi, na watoto walitazama filamu za Charlie Chaplin na katuni za Walt Disney.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye miwani na nywele za kujikunja, na wenzake walimcheka. Kalamu ndiyo iliyomwokoa. Alichora hadithi kwenye daftari, daftari likapita mkono kwa mkono, na wale waliomcheka wakaanza kungoja sehemu iliyofuata.

Alipenda pia wadudu. Alikamata vipepeo na mbawakavu, akawachora kwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Japani kuna mbawakavu mmoja anayeitwa osamushi. Kwa kuwa jina lake mwenyewe lilikuwa Osamu, kijana huyo aliongeza nyuma yake herufi ya Kijapani yenye maana ya mdudu, na akaendelea kuandika jina lake hivyo mpaka mwisho wa maisha. Miaka mingi baadaye, alipofungua kampuni ya filamu, aliipa jina Mushi. Maana yake ni mdudu.

Filamu katika ukumbi mtupu

Mwaka wa 1945 Tezuka alikuwa na miaka 16. Vita ya pili ya dunia ilikuwa inakaribia mwisho, na wanafunzi wa Japani walikuwa wametolewa darasani ili watumike viwandani. Mwezi wa tatu ndege za Marekani zilichoma sehemu kubwa ya Osaka. Mwezi wa nne, katika mji huo ulioungua, Tezuka aliingia katika ukumbi wa sinema kutazama filamu ya michoro ya dakika 74 iliyotengenezwa na Mitsuyo Seo kwa maagizo ya jeshi la majini. Ilimhusu Momotaro, shujaa wa hadithi za watoto wa Japani, aliyefanywa kuwa mkuu wa jeshi la wanyama.

Ilikuwa filamu ya kusifu vita. Lakini watoto wengi wa mji walikuwa wamehamishiwa vijijini kukimbia mabomu, kwa hiyo viti vilikuwa karibu vitupu. Tezuka alikaa pale akalia. Si mizinga iliyomgusa. Katikati ya filamu hiyo kuna picha tulivu, za wanyama waliorudi nyumbani na za mbegu nyepesi za maua zikipeperushwa na upepo. Alitoka akiwa ameapa moyoni kwamba siku moja, hata ikichukua maisha yake yote, atatengeneza filamu ya michoro.

Mwezi wa sita ndege zilirudi. Siku hiyo Tezuka alikuwa juu ya mnara wa ulinzi wa kiwanda cha silaha. Mabomu yalianguka karibu naye, watu wa chini wakafa, yeye akapona. Alitembea kurudi nyumbani akipita kati ya maiti. Vita ilipokwisha mwezi wa nane, alikumbuka sana taa za Osaka zilizowashwa tena usiku, bila mtu kuogopa ndege. Hofu ya vita na furaha ya kubaki hai viliingia katika karibu kila kitu alichochora baadaye.

Munganga asiyetibu

Mwaka huohuo aliingia masomo ya unganga katika Osaka. Mwaka uliofuata, akiwa bado mwanafunzi, magazeti yalianza kuchapisha michoro yake. Mwaka wa 1947 alitoa pamoja na Shichima Sakai kitabu kinachoitwa Kisiwa kipya cha hazina. Japani ilikuwa na njaa na majengo yaliyobomoka, na watoto walitafuta kitu cha bei ndogo cha kuwafurahisha. Kitabu hicho kilinunuliwa kwa mamia ya maelfu. Wachoraji wengi wakubwa waliomfuata walikuwa watoto waliokisoma wakati ule.

Kilichowashangaza ni mwendo. Zamani katuni ilichorwa kama mchezo wa jukwaani: watu wanasimama mbele yako, wanasema, wanatoka. Tezuka alichora kama mtu aliyeshika kamera. Gari linakuja kutoka mbali, linakuwa kubwa, linakupita. Jicho linakaribia uso, kisha linarudi nyuma. Hakuwa na pesa za sinema, kwa hiyo alifanya sinema kwa karatasi.

Alimaliza masomo, akafaulu mtihani wa serikali, akapata ruhusa ya kutibu. Mwaka wa 1961 alipata hata udaktari wa juu kwa utafiti juu ya mbegu za uzazi za konokono wa majini. Lakini hakufungua chumba cha matibabu. Mama yake alimwambia achague kile anachokipenda kweli, naye akachagua kalamu. Akahamia Tokyo, akachora usiku na mchana.

Mwaka wa 1950 alianza hadithi ya Leo, simba mweupe wa Afrika. Mwaka wa 1952 alianza hadithi ya Atom, mtoto wa chuma aliyetengenezwa na mwanasayansi aliyefiwa na mwana wake katika ajali ya gari. Mwanasayansi huyo anapoona kwamba mtoto wa chuma hakui, anamchukia na kumuuza. Atom ana nguvu za kubomoa nyumba, lakini shida yake ni kwamba alitengenezwa ili achukue nafasi ya mtu mwingine, kisha akatupwa. Watoto wa Japani walimpenda sana.

Pesa ziliingia. Tezuka alijua tayari atazifanyia nini.

Kona ya barabara, filamu ya kwanza

Mwaka wa 1961 alikusanya wachoraji wachache na kuanza kazi ya filamu. Kampuni ikaitwa Mushi Production. Kazi yake ya kwanza haikuwa Atom. Ilikuwa filamu ya dakika kama 39 inayoitwa Hadithi ya kona moja ya barabara, iliyoonyeshwa mwezi wa kumi na moja 1962, na ambayo haikutengenezwa ili ilete faida.

Hakuna mazungumzo ndani yake. Kuna kona ya mji, taa ya barabarani, mti, panya mdogo, mtoto mwanamke aliyeangusha mwanasesere wake wa dubu juu ya paa, na ukuta uliojaa matangazo. Watu walio kwenye matangazo wako hai. Mpiga violini wa karatasi moja anampenda mpiga piano wa karatasi nyingine. Kisha askari wanakuja, wanabandika picha ya mtawala juu ya kila karatasi, mpaka ukuta mzima unakuwa uso mmoja tu. Kisha mabomu yanaanguka. Anayejua maisha ya mchoraji anatambua mara moja Osaka ya mwaka wa 1945.

Michoro ya filamu hiyo haisogei sana, kwa sababu wachoraji walikuwa wachache. Lakini hapo upungufu unakubalika: tangazo la ukutani ni kitu kisichotembea, kwa hiyo likitikisika kidogo tu linatosha kukugusa. Gazeti la Mainichi lilikuwa limeanzisha mwaka huo tuzo yenye jina la Noburo Ofuji, mtengenezaji wa filamu za michoro aliyekufa mwaka mmoja mbele. Tezuka na watu wake walikuwa wa kwanza kuipata.

Bei ya Atom

Tuzo hailipi mishahara. Ili kampuni iishi, na ili aendelee na filamu za moyo wake, Tezuka aliamua kupeleka Atom kwenye televisheni: nusu saa kila juma, kitu ambacho hakuna kampuni ya Japani iliyokuwa imethubutu. Kwa kawaida filamu ya sinema hupitisha picha 24 kila sekunde. Watu wa Disney, kwa mwendo mzuri, walichora michoro 12 ao hata 24 kwa sekunde moja. Kwa hesabu hiyo kipande kimoja cha Atom kingedai makumi ya maelfu ya michoro, na wachoraji wa Mushi wangekufa kwa uchovu kabla ya juma la pili.

Tezuka akakata. Mchoro mmoja ulitumika kwa picha tatu. Mtu akisema, mdomo tu ndio ulichorwa upya. Mchoro uliosimama ulisogezwa mbele ya kamera ili uonekane unakimbia. Atom akiruka angani leo, michoro hiyohiyo ilihifadhiwa katika kabati ili aruke nayo tena juma lijalo. Hivyo kipande kizima kilitengenezwa kwa michoro 2,000 hivi, mara nyingi pungufu.

Hata hivyo gharama ilibaki kubwa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo watu wa kazi hiyo wanalijadili mpaka leo: aliiuzia televisheni Atom kwa bei iliyo chini sana ya gharama. Alifikiri hivi: televisheni ikipewa bei ya kweli itakataa, ikipewa bei ndogo itakubali, na kampuni nyingine zitashindwa kumfuata. Pengo angelijaza kwa pesa za vitabu vyake, kwa kuuza picha ya Atom juu ya vitu vya kuchezea na peremende, na kwa kuuza filamu nje ya nchi.

Atom alitokea kwenye Fuji TV tarehe 1 mwezi wa kwanza 1963. Nchi nzima ilitazama. Kuna siku ambapo zaidi ya asilimia 40 ya nyumba zenye televisheni zilikuwa zinamtazama yeye. Watoto walinunua chokoleti za kampuni iliyolipia matangazo ili wapate picha ya kubandika iliyokuwa ndani. NBC ya Marekani ilinunua vipande 52 vya kwanza. Hadithi iliendelea mpaka tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1966, vipande 193.

Lakini sehemu moja ya hesabu ilimgeuka. Kampuni nyingine hazikushindwa kumfuata. Zilikuja haraka, kila moja na shujaa wake, na kila moja ilikuta mlango wa televisheni umewekwa bei tayari. Bei ndogo ikawa desturi, na desturi ikashuka mpaka kwenye mshahara wa yule anayechora mkono wa shujaa saa nane za usiku. Hayao Miyazaki, ambaye leo anajulikana duniani kote, aliandika baada ya kifo cha Tezuka kwamba alimheshimu kama mchora vitabu, lakini akamlaumu waziwazi juu ya filamu, na hasa juu ya bei hiyo. Wengine wanamtetea: bila Atom, wanasema, kusingekuwa na kazi kabisa, wala bei ya kulalamikia. Pande zote mbili zina ukweli, na mshahara mdogo wa wachoraji vijana wa Japani ungali unazungumzwa leo.

Simba wetu, na jinsi alivyotuchora

Mwaka wa 1965 Mushi ilitoa Leo, simba mweupe, kwenye televisheni. Ilikuwa hadithi ndefu ya kwanza ya michoro ya rangi kwenye televisheni ya Japani. Marekani ilimwita Kimba. Kampuni ya Disney ilipotoa hadithi ya simba Simba mwaka wa 1994, wachoraji wengi wa Japani waliandika barua ya kulalamika kwamba inafanana mno na kazi ya Tezuka. Kampuni ya Tezuka yenyewe haikwenda mahakamani.

Msomaji wa Afrika ana neno lingine la kuuliza juu ya Leo. Tezuka alipoanza hadithi hiyo alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye Afrika aliijua kwa vitabu na sinema za Wazungu tu. Wanyama wake wana akili, huzuni na heshima. Watu weusi, kinyume chake, aliwachora kwa midomo minene na sura za kuchekesha, kama alivyowaona katika katuni za Marekani. Mwaka wa 1990 kundi moja la watu wa Osaka linalopinga ubaguzi lililalamika, na wachapishaji wakasimamisha vitabu kwa muda. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekufa, hawakuchora upya. Waliongeza mwishoni mwa kitabu maelezo yanayokubali kwamba sura hizo zinaumiza. Ni haki kulisema hili pamoja na sifa zake: mtu aliyechora vita na mateso kwa huruma kubwa alichukua bila kuuliza picha za dharau zilizotengenezwa na wengine.

Dakika nane za uhuru

Wakati Atom anaruka kila juma, Tezuka aliiba saa za kutengeneza filamu ndogo. Mwaka wa 1964 alitoa Nguva, ya dakika nane, iliyofuata muziki wa Debussy. Katika nchi ambako kuota ndoto ni marufuku, mvulana anamwokoa samaki, na machoni pake samaki anageuka nguva mwanamke. Wakubwa wanamfunga ili wamtoe uwezo wa kuona kile ambacho wao hawakioni. Mwaka wa 1965 ikaja Tone, kama dakika nne: mtu aliyepotea baharini juu ya mbao, amekauka koo, anahangaikia matone machache ya maji yaliyobaki juu ya mlingoti. Unacheka, kisha koo lako nawe linakauka.

Mwaka wa 1966 alitoa Picha za maonyesho, ya nusu saa na zaidi, juu ya muziki wa Mussorgsky. Ni mfululizo wa vipande vya kuchekesha juu ya watu wa wakati wake: mkosoaji, mwenye kiwanda, nyota wa televisheni, askari. Kila kipande kina mtindo wake wa kuchora. Mtengenezaji wa televisheni aliyemcheka nyota wa televisheni alijua anamcheka nani.

Kwenye televisheni alilazimika kurudia. Katika filamu fupi hakurudia hata mara moja.

Kampuni inaanguka

Mushi ilikuwa imekua mpaka kuajiri mamia ya watu. Kila mwezi ilidai mishahara, na ili kulipa mishahara ilidai kazi nyingine za bei ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijaribu filamu ndefu za watu wazima, Usiku elfu na moja mwaka wa 1969 na Kleopatra mwaka wa 1970. Ya kwanza ilivuta watu, ya pili haikuponya madeni. Mwaka wa 1971 Tezuka aliacha ukubwa wa kampuni. Mwezi wa kumi na moja 1973 Mushi Production ilianguka kabisa.

Alikuwa na miaka 45. Wadai walimfuata yeye, maana kampuni ilikuwa jina lake. Vijana walianza kusema kwamba vitabu vyake ni vya zamani. Katika mwezi uleule wa kuanguka, gazeti moja la vijana lilimpa nafasi fupi, kama ya kumuaga. Alichora hadithi ya munganga mpasuaji asiye na ruhusa ya serikali, mwenye kovu usoni, anayedai pesa nyingi mno kwa matajiri na mara nyingine kuponya maskini bila malipo. Ni Black Jack. Masomo ya unganga ambayo hakuyatumia kwa miaka 20 yalimrudisha juu, na hadithi iliyotazamiwa kuwa fupi ikaendelea kwa miaka.

Waliotoka Mushi nao hawakupotea. Wengine walianzisha Madhouse na Sunrise, kampuni mbili ambazo wapenzi wa filamu za Japani wanazijua vizuri. Yoshiyuki Tomino, aliyeandika na kuongoza vipande vya Atom, ndiye aliyeongoza Gundam mwaka wa 1979.

Kuruka mara moja, michoro elfu nne

Baada ya kulipa na kupumua, Tezuka alirudi kwenye filamu fupi. Mwaka wa 1984 alitoa Kuruka, inayojulikana zaidi kwa jina la Jumping. Inachukua dakika sita na kidogo. Mtu fulani, ambaye hatumwoni kamwe kwa sababu tunatazama kwa macho yake, anarukaruka barabarani kama mtoto. Anaruka juu ya gari, kisha juu ya nyumba, kisha juu ya msitu. Kila mruko unazidi uliotangulia. Anapita mji mkubwa, anapita bahari, na anatua mahali ambapo watu wanauana kwa vita. Bomu linamrusha hadi kuzimu kwenyewe, ambako mashetani wanamngoja, kisha anajikuta tena katika barabara ya mwanzo, tayari kuruka.

Filamu nzima ni mwendo mmoja usiokatwa. Kwa kuwa dunia yote inasogea mbele ya macho, hakuna kitu kinachoweza kusimama: kila paa, kila mti, kila wimbi lilichorwa upya kila mara. Ilidai michoro kama 4,000. Linganisha na Atom: nusu saa kwa michoro 2,000, hapa dakika sita kwa mara mbili yake. Mtu aliyefundisha nchi nzima kubana alionyesha kwamba anajua pia kutobana. Kuruka ilipata tuzo kubwa ya tamasha la Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati ule. Ukiitazama leo kwenye skrini ndogo ya simu, tumbo bado linapanda kila mruko unapoanza kushuka.

Mwaka uliofuata ikaja Filamu chakavu, ya dakika kama tano na nusu, inayojifanya kuwa sinema ya zamani ya wapanda farasi wa Marekani. Utepe umechanika, umejaa mikwaruzo, picha inateleza juu na chini. Shujaa anatumia ubovu huo: picha ikiteleza, anapanda juu ya ukingo wake na kuingia katika picha iliyo juu. Tamasha la kimataifa la filamu za michoro la Hiroshima lilifanyika mara ya kwanza mwaka huo wa 1985, na tuzo kubwa ilikwenda kwa filamu hiyo.

Hukumu aliyojitolea mwenyewe

Kazi ambamo alisema neno zito zaidi juu ya maisha yake ni Hadithi ya msitu, ya mwaka wa 1987. Inachukua karibu nusu saa, bila mazungumzo, juu ya muziki wa Tchaikovsky, symfonia ya nne. Alipanga kuchora sehemu zote nne za muziki huo. Alimaliza ya kwanza na ya nne.

Hadithi ni rahisi. Msitu unakatwa, na walio ndani yake wanajitetea. Katika sehemu ya kwanza kindi anayepaa anapambana na mkata miti. Lakini angalia namna ilivyochorwa. Mwanzoni picha hazisogei kabisa. Kisha mistari inaanza kucheza kama katika filamu za kwanza kabisa za Ufaransa na Marekani, kisha inakuja katuni nyeusi na nyeupe, kisha rangi na mwendo laini wa Disney. Dakika chache zinabeba miaka mingi ya historia ya filamu za michoro, na aliyeipanga ni mtu aliyekuwa ametazama Bambi mara nyingi kupita hesabu.

Katika sehemu ya nne viumbe wadogo wa msitu wanakabiliana na watu wa mashine, ambao mkubwa wao ana sura inayomkumbusha mtazamaji Hitler. Viumbe wa msitu wamechorwa kwa mwendo kamili, laini, wenye gharama. Waharibifu wamechorwa kwa mtindo wa televisheni: wanatembea kwa kukatakata, sehemu ya mwili inasogea na nyingine imekufa.

Mtindo huo wa kukatakata ni wake. Yeye ndiye aliyeuingiza katika kila nyumba ya Japani. Miaka 24 baada ya Atom, akiwa na heshima zote ambazo nchi yake ingeweza kumpa, aliuvisha waharibifu wa msitu. Hakutoa hotuba, hakuomba radhi kwa maneno. Alichora, na aliye na macho akaona.

Kalamu kitandani

Mwaka wa 1988 alitoa filamu yake fupi kuliko zote, Picha yangu, ya sekunde 13. Ni mashine ya kamari. Vipande vitatu vya uso vinazunguka. Vinapolingana, unatokea uso wa Tezuka mwenyewe na miwani yake. Mashine inatoa pesa.

Wakati huo saratani ya tumbo ilikuwa imekwisha kumshika. Kama ilivyokuwa desturi ya Japani siku zile, hakuambiwa jina la ugonjwa, ingawa yeye mwenyewe alisomea unganga. Alipasuliwa, akarudi kwenye meza, akalazwa tena. Hospitalini aliomba karatasi na kalamu, akaendelea na hadithi tatu kwa wakati mmoja. Zote tatu zilibaki katikati.

Aliacha kurasa zaidi ya 150,000 za michoro. Mwaka wa 1994 mji wa Takarazuka, alikokamata vipepeo, ulifungua jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwaka wa 2014 mwana wake Macoto, mtengenezaji wa sinema, alimaliza sehemu ya pili ya Hadithi ya msitu kwa kufuata mpango wa baba yake. Sehemu ya tatu ndiyo iliyobaki bila kuchorwa.